Njia ya Mama Mjamzito: Habari za Masasi na Newala

Leo nimechagua habari ambayo wanaume wengi huiachia mlangoni, wakisema kwamba ni mambo ya wanawake. Ni habari ya kuzaa. Mimi si mganga, wala sitawafundisha uganga. Nitazungumza kama mtu asimuliaye mambo yaliyopita, na nchi nitakayoisimulia ni ile ya Masasi na Newala, kusini mwa Tanzania, karibu na mto Ruvuma.

Mtu akisimama Newala, ukingoni mwa Uwanda wa Makonde, akatazama kusini, huona bonde lote la Ruvuma limetandazwa chini yake kama mkeka, na ng'ambo ya mto huona nchi ya Msumbiji. Ni mahali pazuri sana pa kutazama. Lakini kwa mwanamke aliyeishi pale zamani palikuwa mahali pa taabu, maana juu ya Uwanda hakuna mto wala kijito. Mvua ikinyesha huzama upesi mchangani, na maji hutokea chini, penye miguu ya vilima. Basi kwa miaka mingi wanawake waliteremka na mitungi alfajiri, wakapanda nayo kichwani jua limekwisha kuwa kali, na kesho yake wakaanza tena. Mwaka wa 1906 Mjerumani mmoja, Profesa Karl Weule, alikaa huko akiandika desturi za Wamakonde, Wayao na Wamakua, na taabu hii ya maji hakukosa kuiandika. Maji ya kusukumwa kwa mashine yalianza kupandishwa katika miaka ya 1950 tu.

Mtu ataniuliza, mbona unaanza na maji, hali umesema utazungumza habari ya kuzaa? Nimeanza hapo kwa sababu mwenye mimba hupita njia ile ile. Mteremko ule unaomchosha akiwa na mtungi ndio unaomtenga na daktari siku ya uchungu. Tena ukizisoma habari za nchi hii kwa miaka mia na zaidi, utaona kwamba akina mama wengi hawakufa kwa kuwa dawa yao haijulikani duniani. Walikufa kwa kuwa dawa ilikuwa mahali pengine, nao walikuwa njiani.

Sasa turudi nyuma. Tarehe 4 Desemba, 1857, Dr. David Livingstone, mmisionari aliyekuwa pia daktari, alihutubia watu wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, akawasihi vijana wenye elimu waje Afrika. Kutokana na hotuba ile kilizaliwa chama kilichoitwa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambacho wazee wa kusini hukijua kwa herufi zake, U.M.C.A. Vyuo vyenyewe vilikuwa Oxford na Cambridge, kisha Durham na Dublin. Mwaka wa 1866 Livingstone mwenyewe alishuka Mikindani, akaufuata Ruvuma kwenda bara, akapita chini ya Uwanda ninaousimulia. Miaka kumi baadaye, mwaka wa 1876, Askofu Edward Steere, yule aliyetunga vitabu vya sarufi ya Kiswahili, alitoka Lindi pamoja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa utumwani, wanaume na wanawake. Shauri lake la kwanza lilikuwa kufika mbali zaidi, kwa Wayao wa Mataka. Lakini watu walipofika Masasi, wakaona majabali na udongo mwema, wakapenda kukaa. Ndivyo ulivyoanza mji ambao leo una mitaa mingi, na Lisekese ni mmojawapo. Mwaka wa 1882 Wagwangwara, ndio Wangoni, waliivamia Masasi wakateka watu, na waliosalia wengi wakahamia Newala kwa Matola, mkubwa wa Wayao. Mwaka wa 1905, wakati wa Maji Maji, misheni ya Masasi ilichomwa moto.

Hapa nataka mlione jambo moja la ajabu. Chama kiliitwa cha vyuo vikuu, na mtu aliyekiamsha alikuwa daktari. Walakini waliotangulia kuletwa walikuwa mapadre na walimu. Kwa muda mrefu utabibu ulikuwa sanduku la dawa nyumbani kwa padre: kwinini ya homa, chumvi ya kuharisha, dawa ya vidonda. Baadaye wakaja mabibi wauguzi, wengi wao wakiwa hawakuolewa, wakafungua dispensari. Walifanya kazi kubwa. Lakini mwanamke mwenye uchungu hakuletwa kwao, ila mara chache, na mara chache hizo aliletwa amekwisha kukata tamaa. Akifa, watu wakasema, Mmeona? Waendao kule hufa.

Tusiwadharau waliomzuia nyumbani. Kuzaa kulikuwa na watu wake: mkunga, na kungwi aliyemfundisha binti katika unyago, na bibi mzaa mama, ambaye katika nchi hii ni mtu mwenye neno zito, kwa sababu ukoo wa Wamakonde, Wayao na Wamakua hufuata upande wa mama. Mkunga alijua mengi. Alijua kumtuliza mwenye uchungu, kumkanda, kumkalisha vizuri, kumpokea mtoto, na kukaa na mzazi siku nyingi baada ya kuzaa, jambo ambalo hospitali nyingi mpaka leo haziliwezi. Wazazi wengi hawahitaji zaidi ya hayo. Lakini mambo matatu hayakuwa katika uwezo wake. Damu ikibubujika baada ya kondo kutoka, hakuwa na kitu cha kuizuia. Mtoto akikwama, hakuwa na njia ya kumtoa. Na homa ya uzazi ikiingia siku ya tatu au ya nne, hakuwa na dawa. Uchungu ukiwa mrefu, sehemu nyingi za Afrika Mashariki watu walimshitaki mama mwenyewe, wakamtaka aungame kama alitoka nje ya ndoa, wakidhani siri ndiyo iliyomfunga mtoto. Desturi hiyo naihesabu kuwa mbaya kabisa. Si kwamba ilikuwa na ukali tu. Ilikula saa ambazo hazirudi.

Wala asidhani mtu kwamba Wazungu walikuwa salama wakati ule. Katika hospitali ya Vienna, mwaka wa 1847, daktari Ignaz Semmelweis aligundua kwamba madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiwaletea wazazi homa ya kifo, kwa kuwa walitoka kupasua maiti wakaenda kuwashika wazazi bila kuosha mikono kwa dawa. Aliwaamuru waoshe, vifo vikapungua sana. Wenziwe wengi hawakumsadiki, naye akafa amedharauliwa. Na huku kwetu, mwaka wa 1879, Mwingereza Robert Felkin alishuhudia huko Bunyoro mganga wa kienyeji akimpasua mwanamke tumbo na kumtoa mtoto. Mganga yule aliiosha mikono yake na tumbo la mama kwa pombe ya ndizi, akauchoma mshipa uliotoa damu kwa chuma cha moto, akaufunga mwili kwa misumari myembamba na nyuzi za gome. Felkin alipoondoka siku kadhaa baadaye, mama na mtoto walikuwa hai. Naisimulia habari hii kwa furaha kidogo, nakiri, maana vijana wengi wasomapo historia ya utabibu hudhani kwamba kila kitu kilishuka melini.

Kilichowavuta watu wa Masasi na Newala kwa mara ya kwanza hakikuwa uzazi, bali buba. Baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918, dawa ya sindano ya buba ilifika vijijini. Mtu aliyekuwa na madonda mwili mzima alichomwa sindano, na baada ya majuma machache ngozi yake ikawa safi. Hilo halikuhitaji mahubiri. Watu walikuja kwa mamia, na wanawake wakiwa na watoto wao mgongoni. Kwa hiyo sindano ikapata jina jema, na mlango wa dispensari ukazoeleka kabla mwenye mimba hajaanza kuuingia kwa ajili yake mwenyewe.

Katika miaka ya 1930 mambo yalibadilika. Masasi ilikuwa na Dr. Frances Taylor, daktari mwanamke, na jambo hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa wapo akina mama ambao wangekufa kuliko kuvuliwa nguo mbele ya mwanamume. Ndanda, kwa Wabenediktini waliofika huko mwaka wa 1906, alikuwapo Sista Thekla Stinnesbeck, naye pia daktari, aliyekuja mwishoni mwa miaka ya 1920. Na mwaka wa 1935 alikuja kijana mpasuaji kutoka London, Leader Stirling, akaitumikia U.M.C.A., akajenga hospitali Lulindi, kusini mwa Masasi, kwa udongo na nyasi. Alikaa huko mpaka mwaka wa 1949.

Lulindi hapakuwa na umeme wala barabara ya maana. Mgonjwa alibebwa kwa machela, au juu ya kitanda cha kamba, na vijana wanne walipokezana na wanne wengine. Mtu apimaye umbali kwa maili hataelewa. Sharti aupime kwa mabega. Mama aliyeanza uchungu jioni, ukakataa usiku kucha, watu wakashauriana asubuhi, wakatafuta wabebaji mchana, alifika Lulindi siku ya tatu. Pengine mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni, na daktari alikuwa na kazi ya kumwokoa mama peke yake.

Hata hivyo daktari wa miaka ile alikuwa na silaha ambazo mwalimu wake hakuwa nazo. Mwaka wa 1935 wataalamu wa London waliitambua ile dawa iliyomo katika ukungu wa nafaka ifanyayo tumbo la uzazi likaze na damu isimame. Mwaka wa 1936 Dr. Leonard Colebrook, katika hospitali ya wazazi ya Queen Charlotte's, alionyesha kwamba dawa mpya za salfa huponya homa ya uzazi, ile iliyomshinda Semmelweis isipokuwa kwa kuosha mikono. Kisha ikaja penisilini wakati wa Vita ya Pili. Katika miaka kumi na mitano mambo yale matatu yaliyomshinda mkunga yalipata dawa. Tangu hapo swali halikuwa tena, Je, dawa ipo? Swali likawa, Nani atakuwa karibu na mama, ameishika mkononi?

Kwa maoni yangu jibu jema kuliko yote lililotolewa kusini wakati ule halikuwa jengo. Lilikuwa wasichana. Lulindi na vituo vingine vya misheni vilianza kuwafundisha mabinti wa nchi uuguzi. Si kazi nyepesi kuwapata. Binti aliyetoka unyagoni alitazamiwa kuolewa, na mjomba wake hakuona sababu ya kumwacha akae kwa wageni miaka mitatu akiosha wagonjwa asiowajua, wengine wakiwa wanaume. Tena wazee waliuliza swali ambalo halikuwa la kijinga: msichana asiyezaa atamwambia nini mwanamke azaaye? Waliokubali walikuwa wachache. Lakini muuguzi mmoja ajuaye Kimakonde au Kimakua, ambaye mgonjwa anamjua mama yake na nyumba yao, aliweza kumwambia mama, Usingoje, na mama akasikia. Daktari mgeni angeyasema maneno hayo hayo kwa tafsiri, yakapotea njiani.

Kosa la misheni, nami nalitaja kwa kuwa nimekwisha kuisifu, lilikuwa kumhesabu mkunga kuwa adui wakati mwingi. Mama alijikuta kati ya watu wawili wasiosalimiana. Akienda hospitali alimkosea bibi yake. Akikaa nyumbani alimkosea bibi muuguzi. Wengi walichagua kumkosea yule aliyekuwa mbali.

Nitapita upesi juu ya miaka ya uhuru, maana habari zake mnazijua. Shule ya utabibu ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka wa 1963, na mwaka wa 1968 ikawa sehemu ya Chuo Kikuu. Ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Muhimbili mwaka wa 2007. Stirling alichukua uraia, na katika miaka ya 1970 Rais Nyerere alimweka kuwa Waziri wa Afya. Yule aliyepima umbali kwa mabega sasa alikuwa na kalamu ya nchi nzima. Miaka ile zahanati zilijengwa vijijini kwa wingi, na wasaidizi wa afya ya mama na mtoto wakafundishwa. Siku ya kupima watoto na wenye mimba ikawa desturi, na neno kliniki likaingia katika lugha ya kila kijiji. Lakini zahanati haimpasui mtu. Palipohitajiwa damu au kisu, safari ilikuwa bado iko pale pale.

Mwaka wa 1994 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, waliandika makala ambayo wakunga wengi wa leo wameisikia hata kama hawajaisoma. Walisema mama hufa kwa kuchelewa, na kuchelewa kuna namna tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kutibiwa akiisha kufika. Mzee ye yote wa Newala angeweza kuwaeleza hayo. Kuamua ni lile baraza la mjomba na bibi. Kufika ni mteremko. Na kutibiwa, hilo ndilo ambalo watu wa nje walikuwa hawapendi kulitazama, kwa kuwa mlango wa hospitali ukiisha kuvukwa, kosa si la mwanakijiji tena.

Mtu aliyelitazama hilo la tatu kwa macho makavu alikuwa daktari wetu, Godfrey Mbaruku. Alikuwa katika hospitali ya mkoa wa Kigoma, mahali pa mbali kama Masasi ilivyo mbali. Kati ya mwaka wa 1984 na 1991 yeye na wenzake walifanya mambo 22, na mengi hayakuwa makubwa: vyombo vibovu vitengenezwe, dawa za lazima zisikosekane, damu ipatikane, watumishi wafundishwe tena. Wazazi waliokufa walikuwa 933 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Mwisho wa miaka ile walikuwa 186. Hakuna jengo kubwa lililojengwa. Jina la Mbaruku mlikumbuke, maana litarudi.

Sasa tumefika kwenye hesabu za kusini kwenyewe. Mwaka wa 2007 wachunguzi wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na chuo cha London cha maradhi ya nchi za joto, walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za Lindi na Mtwara, Newala na Tandahimba zikiwamo. Walifika katika nyumba 226,000. Waliuliza nani alizaa na nani alikufa, nao walipima umbali kutoka kila nyumba mpaka hospitali. Walikuta kwamba wanawake waliokufa katika mimba na uzazi walikuwa 712 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kisha wakavitenga vifo vilivyoletwa na uzazi wenyewe, kama kutoka damu. Kwa wale waliokaa ndani ya kilometa 5 kutoka hospitali, vilikuwa 111. Kwa wale waliokaa zaidi ya kilometa 35, vilikuwa 422.

Rudieni kuzisoma hesabu hizo mbili, polepole. Ni nchi moja, lugha moja, chakula kimoja, na mkunga wa namna moja. Tofauti ni njia. Ile machela ya Lulindi imeandikwa humo kwa tarakimu. Na tena hesabu ile ya 111 nayo si ndogo. Aliyekaa karibu hakuwa salama, ila alikuwa na nafuu.

Vyuo vikuu havikuishia kuhesabu. Katika wilaya sita za mikoa ile ile walichaguliwa wanawake 824 wa kujitolea, wenyeji wa vijiji vyao, wakafundishwa kuwatembelea wenye mimba nyumbani na kurudi tena baada ya kuzaa. Waliwashauri wajitayarishe, waende kuzalia kwenye zahanati au hospitali, wamweke mtoto na joto, wasimwogeshe mara tu azaliwapo, wamnyonyeshe mapema. Kazi ilikuwa njema, na mienendo kadhaa iligeuka kuwa bora. Lakini walipolinganisha kata zilizotembelewa na kata nyingine, vifo vya watoto wachanga havikuonekana kupungua zaidi. Wakaandika hivyo mwaka wa 2015, bila kuficha. Nawaheshimu kwa hilo. Ni rahisi kuandika habari ya mafanikio. Kuandika kwamba watu 824 walitembea sana na jambo kuu halikupatikana kunataka moyo. Nami naona sababu yaweza kuonekana katika habari hii yote tuliyoisimulia: ukimshawishi mama aende, halafu afike mahali pasipo na maji, wala dawa, wala mtu ajuaye kumfufua mtoto asiyelia, umemwondolea kuchelewa kwa kwanza ukamkabidhi kwa kule kwa tatu.

Ndipo likaja shauri jingine, kati ya mwaka wa 2011 na 2014. Ifakara, London, Chuo Kikuu cha Makerere na Chuo cha Karolinska cha Sweden walishirikiana, na Dr. Mbaruku wa Kigoma alikuwa mmoja wao. Walichagua Tandahimba kuwa wilaya ya kazi, na Newala, jirani yake, kuwa wilaya ya kulinganishia. Na huko Uganda vivyo hivyo wilaya mbili. Kazi ilikuwa ya namna hii. Watumishi wa zahanati mbalimbali walikutanishwa, wakaonyeshwa hesabu zao wenyewe katika karatasi: kwenu akina mama wangapi walipata sindano ya kuzuia damu mara mtoto alipotoka? Hawakuletewa amri. Waliulizwa, Ninyi mwaonaje, kizuizi ni nini? Mmoja alisema dawa imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo yuko mbali. Hapo ni juu yao kumtayarishia mama sindano kabla mtoto hajatoka. Wakajaribu jambo dogo, wakahesabu tena, likifaa wakalishika, lisipofaa wakaliacha. Mfano wa kabati ni wangu, ili kuwaonyesha wasomaji namna ya kazi; lakini matokeo si yangu. Huko Tandahimba idadi ya wazazi waliopata dawa ya kuzuia damu katika dakika moja baada ya kuzaa iliongezeka kwa wazazi kama 26 katika kila mia, ikilinganishwa na Newala.

Dakika moja! Mtu wa Lulindi wa mwaka wa 1935 alihesabu siku. Wasikilizaji wa Newala wasinikasirikie kwa kuwa wao ndio waliolinganishwa. Bila wao isingejulikana kwamba jambo lilifaa.

Mambo mengine hayakufanikiwa kama lile, nao wameyasema. Kwa nchi nzima, uchunguzi wa mwaka wa 2004 na 2005 ulionyesha kwamba watoto 47 katika mia walizaliwa mahali pa tiba. Mwaka wa 2022 walikuwa 81. Vifo vya wazazi vilihesabiwa kuwa 556 kwa watoto 100,000 katika uchunguzi wa mwaka wa 2015 na 2016, na 104 katika ule wa mwaka wa 2022. Hesabu za namna hii hutoka kwa kuwauliza ndugu habari za ndugu zao, kwa hiyo mwenye busara hazishiki kama apimavyo nguo dukani. Lakini hata ukiziachia nafasi kubwa ya kukosea, kushuka kumeonekana.

Imebaki habari ya njia yenyewe. Mwanamke aliyekwama na mtoto siku nyingi, akanusurika, mara nyingi hubaki na tundu ndani, mkojo ukamtoka bila kujizuia. Huo ndio ugonjwa wa fistula. Aliachwa na mume, akakaa nyuma ya nyumba, na wengi hawakujua kwamba waganga waweza kuuponya. Hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilikuwa ikiupasua bila malipo, lakini wagonjwa hawakuja, maana nauli ilikuwa nyingi kuliko walichonacho. Mwaka wa 2009 hospitali ilianza kutuma nauli kwa simu, kwa njia ya M-Pesa, kwa mtu wa kijijini aliyemjua mgonjwa. Naye akamkatia tikiti na kumpandisha basi. Ujanja wote ndio huo. Kisu kilikuwapo, kitanda kilikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa nauli.

Na kwa mwenye uchungu, upo sasa mpango uitwao m-mama, ulioanzia Kanda ya Ziwa, kisha ukaenezwa nchi nzima. Mtu hupiga simu nambari 115, wala hatoi senti. Anayepokea humwuliza hali ya mama, akamtafutia gari la wagonjwa. Nalo lisipokuwapo, humwita dereva wa kawaida aliyekwisha kuandikwa, ambaye hulipwa kwa simu akiisha kumfikisha mgonjwa. Baraza la mjomba laweza kuendelea, gari likiwa njiani.

Mama wa Lisekese leo yumo ndani ya mji wa Masasi, na hospitali ya Mkomaindo, ambayo asili yake ni misheni, imo katika mji huo huo. Akishikwa na uchungu usiku, pikipiki yaweza kumfikisha kabla chai haijapoa. Ndugu yake aliyeolewa bondeni, karibu na Ruvuma, ana nambari ile ile ya simu na haki ile ile. Lakini gari hufuata barabara, na mvua za kusini huanza Desemba zikaenda hata Aprili, na vijito huvimba, na gari likifika hapo husimama. Kutoka nyumbani kwake mpaka hapo liliposimama gari, safari yake ni ile ya Lulindi: kitanda cha kamba, na vijana wanne, na wanne wa kuwapokea.